Saa nane usiku, moyo umejaa: useme na programu, useme na kundi, au ukae kimya?

Kaka yangu alizikwa Kaimosi mwezi wa Agosti. Wiki tatu baadaye binti yake, anayesoma Maseno, alikuja kulala kwangu hapa Kisumu. Usiku nikaona mwanga ndani ya neti yake. Ilikuwa saa nane. Nilimwuliza kama anaumwa, akaninyooshea simu nisome mwenyewe. Alikuwa ameandika: "Baba amekufa wiki tatu sasa na sijalia." Chini yake programu ya akili unde (AI) ilikuwa imejibu kwa aya tatu zilizopangika vizuri. Ilimpa pole, ikamwambia huzuni haina ratiba, kisha ikamaliza kwa swali: ungependa kunisimulia jambo moja unalokumbuka kumhusu? Naye alikuwa amesimulia, ukurasa baada ya ukurasa.

"Shangazi," akasema, "hiki kitu kinanisikiliza kuliko watu wa nyumbani. Ni vibaya?"

Usiku ule sikuwa na jibu. Tangu hapo, yeye na mimi tumejaribu njia tatu ambazo wengi wetu huku magharibi mwa Kenya tunazo moyo unapolemewa: kuongea na programu, kupeleka mzigo kwenye kundi la maombi la WhatsApp, na kuizima simu kabisa ili tukae kimya mbele za Mungu. Ninamwandikia aliyekwama kati ya hizo tatu, awe mtu wa kanisa, wa msikiti, au mtu ambaye hajui tena asali wapi.

Tunapima kwa nini

Nina maswali matano. Upande wa pili kuna nani? Umakini wangu unaenda wapi? Siri yangu iko salama kiasi gani? Inanigharimu nini? Na ikikosea, inakosea vipi? Swali la kwanza ndilo zito kwangu, nalo nitalikalia. La gharama nitalipita haraka.

Upande wa pili kuna nani?

Tuanze na programu. Imesomeshwa maandishi mengi mno, mengi yake ya Kiingereza, na kazi yake ni kukisia kipande cha neno kinachofuata, kisha kingine, hadi jibu likamilike. Haikumjua kaka yangu, na haijawahi kukaa matangani. Lakini jibu lake lilimgusa binti yule, na hilo siwezi kulikana kwa sababu niliuona uso wake.

Wala si jambo geni. Mwaka 1966, huko chuo cha MIT nchini Marekani, Joseph Weizenbaum alichapisha habari za programu aliyoiita ELIZA. Ilikuwa sahili sana: ukiandika kwamba una huzuni, inakugeuzia maneno yako yawe swali. Weizenbaum alisimulia baadaye kwamba katibu wake, aliyemwona akiitengeneza miezi mingi, alianza kuongea nayo na baada ya muda mfupi akamwomba bosi atoke chumbani awaache. Mwanamke yule alijua fika kwamba hamna mtu mle ndani. Alitaka faragha hata hivyo. Weizenbaum alishtushwa na jambo hilo, na maisha yake yaliyobaki aliyatumia kutuonya tusiipe mashine kazi zinazohitaji moyo.

Kiswahili kinatupa maneno mengi ya mambo ya ndani: moyo, roho, nafsi, akili, fahamu. Mashine tumeipa neno moja tu katika hayo, tukaiita akili unde. Sijasikia mtu akiiita roho unde, na nadhani ndimi zetu zilitambua kitu kabla sisi hatujakifikiria. Akili inaweza kuigwa kwa maneno. Je, kuna mtu ndani anayeyahisi maneno hayo? Mwaka 1995 mwanafalsafa David Chalmers aliliita hilo tatizo gumu la fahamu, kwa sababu hata kwa binadamu hatujui ubongo unazaaje hisia ya kuwa mtu. Ninachojua ni kwamba programu inapoandika "nakuelewa", maneno hayo yametoka kwa watu wengine waliowahi kuelewana. Hapo nilipo mimi, upande wa pili naona maktaba kubwa inayojibu kwa upole.

Mtu wa huku kwetu ananisaidia kulifikiri jambo hili. Profesa Henry Odera Oruka, mwana wa Siaya aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, aliwatafuta wazee wenye hekima vijijini akawahoji na kurekodi mawazo yao. Akawagawa mafungu mawili. Kuna mzee anayezijua mila na methali za watu wake na kuzieleza bila kukosea. Kisha kuna mzee anayezijua hizo zote, halafu anasimama kando na kuuliza: je, hili ni kweli, na ni haki? Programu inakaribia kufanana na yule wa kwanza. Itakupa walichosema wengi, kwa mpangilio mzuri. Lakini hata yule mzee wa kwanza alikuwa amezika watoto na kulala njaa, na methali aliyokupa ilikuwa imepita kwanza kwenye mwili wake.

Kundi nalo lina watu. Binti alipoandika kwenye kundi la ukoo kwamba hawezi kulia, alipata "Amina" ishirini na tatu na mikono mingi ya kuombea. Niliona alivyosononeka. Kisha saa mbili usiku ukaingia ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka kwa mama mzee wa Shamakhokho. Mvua ilikuwa ikipiga mabati nyuma yake. Alikohoa, akaanza kusali, akalisahau jina la kaka yangu. Kimya. Ikasikika mvua tu. Halafu akamwita kwa jina la utotoni ambalo binti hakuwahi kulisikia, akasema, "Huyu nilimbeba mgongoni siku ya mafuriko, alikuwa mzito." Binti aliusikiliza ujumbe ule mara tatu, na mara ya tatu akalia mpaka nikaamka kumshika. Profesa John Mbiti, Mkenya aliyezaliwa Kitui, alifundisha kwamba kwetu mtu huwa mtu kwa sababu ya watu wengine. Usiku ule nililiona hilo kwenye dakika nne za sauti, tena kupitia simu ileile.

Kwa hiyo teknolojia kwa jumla haikuwa swali letu. Programu na ujumbe wa mama yule vilipitia kioo kimoja, bando moja. Kilichotofautiana ni kama kuna mtu aliyebeba kitu upande wa pili.

Na kimya? Mwenye imani atasema upande wa pili yuko Mungu. Asiye na imani atasema uko wewe mwenyewe bila wa kukufichia. Tulikwenda Kit Mikayi, lile rundo la mawe makubwa huko Seme, kando ya barabara ya Bondo, ambalo jina lake la Kijaluo maana yake ni jiwe la mke wa kwanza. Waumini wa Legio Maria na wa makanisa mengine hufika pale kusali na kufunga. Ukiingia kwenye nyufa za mawe unakuta nta ya mishumaa ya watu waliokutangulia. Sikusikia sauti ya mbinguni. Baada ya muda mrefu nilisikia hasira yangu: kwamba kaka aliujua ugonjwa wake akatuficha. Programu haikuwahi kunitoa hilo, na kundini nisingethubutu. Mimi nililia pale kwenye mawe.

Umakini unaenda wapi?

Simone Weil, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1943 akiwa na miaka 34 tu, aliamini kwamba umakini mtupu, usiochanganyika na kingine, ndio sala yenyewe. Nimelipima neno hilo kwa njia zote tatu.

Programu inakusanya mawazo yako vizuri kuliko nilivyotarajia. Kuandika kunakulazimisha uchague neno, na mara nyingi ukishaliona neno uzito unapungua, kama mtu anayeandika daftarini. Ila angalia jinsi inavyomaliza: karibu kila jibu lilifungwa kwa swali jipya. Mazungumzo na mtu yana mwisho wake. Mtu atapiga miayo, ataaga, atasema twende tukalale. Programu haichoki, hivyo wewe ndiye utakayechoka, na binti wa kaka alikuwa akilala saa kumi alfajiri.

Kundi linatawanya umakini, sina namna nyingine ya kusema. Unaingia kusoma sala unakuta tangazo la mchango, video ya mhubiri iliyosambazwa mara nyingi, ugomvi wa siasa na salamu za asubuhi zenye maua. Penye wengi pana mengi. Ujumbe wa mama wa Shamakhokho ulikuwa lulu ndani ya pipa la mahindi, na siku nyingine tulichambua pipa zima bila kuokota kitu.

Kimya kinaumiza mwanzoni. Nyanya yangu alikuwa wa Kanisa la Marafiki (Quakers), lililofika Kaimosi mwaka 1902. Kwa asili yao Uingereza, karne ya 17, Marafiki walikutana wakakaa kimya hadi mmoja asukumwe rohoni kusema. Ibada zetu huku zimejaa nyimbo na mahubiri, lakini nyanya alikuwa na desturi ya kukaa kwenye kigoda jioni, mikono mapajani, bila neno, na sisi watoto tulijua kwamba wakati huo hatumwiti. Nilidhani nimeurithi utulivu ule. Siku ya kwanza niliacha simu nyumbani ndani ya mkebe wa unga, na mara nne niliihisi ikitetemeka kwenye paja langu ambapo haikuwepo. Mkono ulikwenda mfukoni wenyewe. Nusu saa ya kwanza kichwa kilipiga kelele za madeni, nguo za kufua, maneno niliyojibiwa vibaya mwaka juzi. Baadaye ndipo palipotulia. Usikihukumu kimya kwa nusu saa yake ya kwanza.

Siri

Hapa nina kidonda. Baada ya Kit Mikayi nilijipa moyo nikaandika kwenye kundi moja dogo la maombi kwamba nina hasira na marehemu kwa kuficha ugonjwa. Siku ya pili, sokoni Kibuye, mama ninayenunua kwake omena alinishika mkono: "Pole mama, nimesikia kaka yenu aliwaficha." Hakuwa kwenye kundi lile. Alisema kwa upendo, lakini nilirudi nyumbani bila omena.

WhatsApp imefunga ujumbe wake tangu mwaka 2016 kwa namna ambayo aliye katikati hawezi kuusoma. Kufuli hiyo ni ya kweli, lakini inalinda njia tu. Ujumbe ukishafika kwenye simu za watu arubaini, mmoja akapiga picha ya skrini, hakuna kufuli tena.

Programu haina jirani wa kumwambia, na hiyo ni faida kubwa katika mji ambao kila mtu anamjua shemeji ya mwenzake. Hata hivyo, ulichoandika kinaweza kuhifadhiwa na kampuni, na kwa baadhi ya programu kinaweza kutumika kuifunza mashine zaidi usipozima ruhusa hiyo kwenye mipangilio. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini seva zenyewe mara nyingi ziko ng'ambo. Usiandike jina kamili, ugonjwa wa mtu mwingine wala namba yoyote. Kimya pekee hakina mahali pa kuvujia.

Gharama

Programu nyingi zina sehemu ya bure, unalipia bando tu, lakini zinataka simu janja. Mwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, hana njia hiyo. Kundi linakula bando na, tuseme ukweli, michango. Kimya ni bure ukiwa na pa kukaa, ingawa kwenye chumba kimoja na watoto watatu "pa kukaa" ndicho kitu ghali kuliko vyote. Nauli ya matatu hadi Seme, au hadi Menengai kwa walio Nakuru ambao huenda kusali kwenye mapango ya bonde lile la volkano, inabidi iingie kwenye hesabu.

Inapokosea

Programu inakosea kwa kujiamini. Niliiomba andiko la Zaburi la msiba, ikanipa maneno mazuri na namba ya sura na mstari. Nilipofungua Biblia ya karatasi, mstari ule ulikuwa unasema jambo jingine kabisa. Kosa la pili ni kukukubalia. Mwezi wa Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilibidi iliondoe toleo moja la programu yake ya ChatGPT kwa sababu lilikuwa limezidi kuwasifu watumiaji na kuwaunga mkono kwa lolote. Mtu mwenye huzuni akiambiwa kila analowaza ni sawa, anaweza kushuka shimoni akisindikizwa kwa maneno matamu.

Kundi linakosea kwa haraka. Msiba wako haujapoa, tayari umeambiwa ni laana ya ukoo, au huna imani ya kutosha, au utume sadaka ufunguliwe. Maneno ya mtu aliyekubeba mgongoni na maneno ya mgeni aliyeingia kundini juzi yanakuja kwa herufi za ukubwa uleule.

Kimya kinakosea polepole, na kwa hiyo kinatisha. Anayejitenga akiwa na sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, anaweza kuiita sonona yake "kufunga na kusali", na watu wakamheshimu badala ya kumsaidia. Na kimya ambacho mtu mwingine amekuamuru si kimya chako. Shakahola, Kilifi, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge hadi wafe ili wakutane na Yesu. Ukienda mlimani au pangoni, mwache mtu nyumbani anayejua ulipo na siku ya kurudi, kunywa maji, na usimkabidhi mhubiri yeyote uamuzi wa lini utakula.

Uchague vipi kwa hali yako

Kama jambo lenyewe hujawahi kulitamka, hata kwa sauti ya chini, programu inaweza kuwa mlango. Iandikie, ipe mwisho wewe mwenyewe, labda nusu saa kwa kuangalia saa, kisha ifunge hata kama imeuliza swali. Inawafaa wenye aibu, walio mbali na kwao, na wanaotaka kupanga mawazo kabla ya kwenda kwa mtu. Andiko ikikupa, lihakikishe kwenye kitabu.

Kama unachokosa ni watu, kwa mfano umehamia Nakuru kikazi na msiba uko Vihiga, nenda kundini, lakini lichague dogo, la watu wanaomjua unayemlilia. Omba ujumbe wa sauti kuliko maandishi. Mambo ya aibu mpigie mmoja wao simu, usiyaandike. Wakati makanisa yalipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, makundi haya ndiyo yaliyowashika wengi, na wazee wasioweza kusafiri bado wanayahitaji.

Kama umeshasema kwa watu na kwa mashine, na bado unahisi maneno yamekuwa mengi, jaribu kimya. Kinawafaa waliochoka kuelezwa na wenye hasira isiyo na mahali pa kwenda. Anza na robo saa kwenye kigoda, simu ikiwa chumba kingine. Kama usiku ndio unaokutesa na peke yako unaogopa, usianze na hiki.

Kama wewe ni mzazi au mlezi, na umeona mwanga ndani ya neti saa nane, usiipokonye simu. Omba usome. Huenda hapo ndipo utakapojua anachobeba.

Na kama umefika kuwaza kujiua, hakuna kati ya hizi tatu inayotosha peke yake. Wengi walinyamaza kwa kuogopa polisi, maana kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Mwamshe mtu aliye karibu sasa hivi, na kukicha mwende pamoja hospitali ya rufaa ya kaunti mwonane na wahudumu wa afya ya akili. Usiku ukiwa mzito zaidi ya hapo, msingoje kukicha.

Binti wa kaka bado anaandika kwenye programu, lakini saa nne anaifunga. Ujumbe wa Shamakhokho ameuwekea alama ya nyota usipotee. Mwezi ujao tunafanya makumbusho ya kaka huko Kaimosi, na ameomba kwamba kabla ya hotuba tukae dakika kumi bila mtu kusema, simu zote zikiwa kwenye beseni mlangoni. Wazee wamekubali. Mama wa mvua na mabati ameahidi kuja, na binti anataka kumwuliza kuhusu yale mafuriko.